Je, Midomo Iliyopasuka Ni Sehemu ya Funga?

Ikifika saa tisa alasiri katika mwezi wa Ramadhani, waliofunga katika vichochoro vya Kikuubo jijini Kampala, na vijana wa boda boda wa Kisenyi, hutambulika kwa midomo yao. Imekauka na kupauka, na mingine imechanika katikati ikaacha mstari mwembamba wa damu. Mwenye midomo hiyo anaweza kuwa na kikopo cha vaselini mfukoni, na bado asikiguse mpaka adhana ya magharibi isikike kutoka msikiti mkubwa wa Old Kampala. Swali lake hurudi kila mwaka katika darsa za mwezi huo: aliyefunga anaruhusiwa kupaka mafuta midomoni?

Jibu la kifiqhi ni fupi. Wanazuoni walio wengi wanaona kwamba kinachopakwa juu ya ngozi hakibatilishi saumu, maadamu mtu hakilambi akakimeza kwa makusudi. Mafuta yenye ladha ya matunda au sukari ni salama zaidi kuyaacha hadi baada ya kufuturu, maana ulimi huyafuata. Suala la hukumu linaishia hapo.

Ila ukimsikiliza vizuri muulizaji utagundua kwamba shaka yake ina mizizi mirefu zaidi. Anahofia kwamba akiyapunguza maumivu atakuwa amepunguza na thawabu. Anaamini, pengine bila kuwahi kulisema waziwazi, kwamba Mungu ameridhika na ule mpasuko, na kwamba kuutibu ni kurudisha zawadi kabla haijapokewa. Hili si swali la vaselini tena. Linahusu maumivu yenyewe: yana thamani kwa Mwenyezi Mungu, au yanaambatana tu na kitu chenye thamani?

Kwanza tuangalie mdomo wenyewe, kwa kuwa imani nyingi potofu huanzia kwenye kutoujua mwili. Ngozi ya sehemu nyekundu ya mdomo ni nyembamba mno. Ina tabaka chache za seli, kati ya tatu na tano, wakati ya uso hufikia kumi na sita. Haina tezi za jasho, na zile za mafuta ni chache sana au hazipo kabisa. Maana yake ni kwamba mdomo hauwezi kujilainisha wenyewe. Unategemea maji yaliyomo mwilini na unyevu wa hewa, na vyote viwili vikipungua, mdomo ndio unaotangulia kulalamika.

Kampala iko kilomita zisizofika 40 kaskazini mwa ikweta, katika mwinuko wa karibu mita 1,200. Kwa ukaribu huo na ikweta, urefu wa funga yake haubadiliki sana mwaka hadi mwaka: ni saa 13 na dakika kadhaa, iwe Januari au Juni. Mwislamu wa London aliyefunga Juni 2016 alikaa zaidi ya saa 18 bila tone la maji. Mganda hajui tofauti hiyo. Anachokijua ni majira. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na ya 2026 ikaanza katikati ya Februari, wakati kiangazi cha Desemba hadi Februari kinakaribia kuisha, barabara zimejaa vumbi na jua la adhuhuri liko utosini. Dereva wa boda boda anaongezewa na upepo unaompiga usoni kutwa nzima.

Halafu kuna kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, la kuulamba mdomo uliokauka. Mate hulainisha kwa dakika moja tu, kisha hukauka na kuondoka na unyevu uliokuwapo. Zaidi ya hapo, mate yamebeba vimeng'enya vya kusagia chakula, na vimeng'enya hivyo haviihurumii ngozi nyembamba kiasi kile. Kadiri mtu anavyolamba ndivyo mdomo unavyowasha, na kadiri unavyowasha ndivyo anavyozidi kulamba. Watoto huishia na duara jekundu kuzunguka mdomo mzima. Anayepumua kwa mdomo usiku, labda kwa sababu ya mafua, huamka na hali hiyo hiyo.

Si kila kidonda cha mdomo kinatokana na ukavu. Kuna mipasuko ya pembeni, pale midomo miwili inapokutana, ambayo huuma mtu anapopiga miayo au anapofungua kinywa kula. Hapo mate hukusanyika, na fangasi au bakteria wakapata makazi. Upungufu wa madini ya chuma au wa vitamini za kundi B, hasa B2, huchangia. Vivyo hivyo kisukari, meno bandia yasiyokaa vizuri, na kinga ya mwili iliyoshuka. Kuna pia malengelenge yanayoanza kwa kuwasha na kuchonyota, yakajaa maji, yakapasuka, yakafanya gaga na kupona ndani ya siku kumi hivi au wiki mbili. Wengi huyaita homa iliyotokea mdomoni. Kwa kweli ni virusi vya hepesi ambavyo vilikuwa vimelala katika mishipa ya fahamu, vikaamshwa na homa, uchovu au jua kali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu bilioni 3.7 walio chini ya umri wa miaka 50, yaani theluthi mbili ya watu wa rika hilo duniani, walikuwa na aina ya kwanza ya virusi hivyo. Wengi wao waliambukizwa wakiwa wadogo, kwa busu la shangazi au kikombe cha pamoja.

Takwimu hiyo inapaswa kutuliza ndimi nyingi. Kampala ina kumbukumbu chungu ya midomo kusomwa kama hati ya mashtaka. UKIMWI, ambao Waganda waliuita siriimu, ulipoanza kuua katika miaka ya 1980, majirani walijifunza kukagua nyuso: nani amekonda, nani ana mkanda wa jeshi, nani ana utando mweupe kinywani, nani midomo yake imebadilika rangi. Kidonda kilitosha kuwa hukumu, na hukumu yenyewe ilikuwa ya kidini, kwamba fulani amelipwa kwa dhambi yake. Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO mwaka 1987, mwaka ule ule aliofiwa na mumewe, na kazi yao kubwa mwanzoni ilikuwa kumkalia mgonjwa karibu, kumgusa na kula naye. Mwanamuziki Philly Lutaaya alipojitokeza hadharani mwaka 1989 na kusema kwamba ana virusi vya UKIMWI, akazunguka makanisani na mashuleni kabla ya kufariki Desemba mwaka huo, aliinyima ile kazi ya kukisia nyuso nguvu yake kubwa.

Kwa hiyo mji huu umesoma midomo kwa namna mbili zinazopingana. Katika Ramadhani, mpasuko ni dalili ya uchamungu. Miezi mingine, kidonda ni dalili ya uasherati, au ya unywaji wa waragi. Mdomo ni ule ule na ngozi ni ile ile. Kinachobadilika ni jicho la anayetazama, na hilo peke yake lilipasa kututia shaka juu ya namna zote mbili za usomaji.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili jambo hili karne nyingi zilizopita, wakianzia kwenye mswaki. Kuna hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, isemayo kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga ni nzuri mbele ya Mungu kuliko miski. Wafuasi wa Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu na kufika Buganda na wafanyabiashara, walijenga hoja juu yake: ikiwa harufu hiyo ni tukufu kiasi hicho, basi haifai kuiondoa. Wakaona ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza, kupiga mswaki baada ya adhuhuri. Waliilinganisha na damu ya shahidi, ambayo haioshwi kwa sababu itamshuhudia siku ya Kiyama.

Ni hoja yenye uzuri wake, na haifai kuidharau. Inasema kwamba mwili unaweza kubeba alama ya utiifu, na kwamba alama hiyo ina heshima. Mfanyabiashara wa Kikuubo asiyetaka kugusa midomo yake hadi magharibi ni mrithi wa fikra hiyo, hata kama hajawahi kufungua kitabu chochote cha fiqhi.

Hata hivyo Wahanafi na Wamaliki hawakukubaliana nayo, na ndani ya madhehebu yenyewe ya Shafii palitokea upinzani. Muzani, mwanafunzi wa Shafii mwenyewe, hakuona ubaya wa mswaki wakati wowote wa mchana. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake vinasomwa hadi leo kutoka Lamu hadi Kibuli, alikiri kwamba kauli mashuhuri ya madhehebu ni ile ya ukaraha, kisha yeye akachagua kauli ya pili. Wenye kauli hiyo wanasema kwamba harufu inayosifiwa inatoka katika tumbo tupu, na mswaki hauifiki huko. Tena Mungu aliisifu ili kumfariji mja asijione duni mbele za watu, wala hakumwamuru aitunze.

Kauli hii ya pili ndiyo yenye nguvu, na inauhusu mdomo uliopasuka kwa namna ile ile. Faraja haikukusudiwa kuwa amri. Kumwambia aliyeumia kwamba hadhi yake haijapungua ni jambo moja. Kumwambia abaki ameumia ili hadhi iongezeke ni jambo jingine kabisa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kisa cha Abu Israil, alichokipokea Ibn Abbas na kikahifadhiwa na Bukhari. Mtume alikuwa akihutubia, akamwona mtu amesimama juani. Akauliza habari zake. Akaambiwa kwamba huyo ni Abu Israil, ameweka nadhiri ya kusimama bila kukaa, kutoingia kivulini, kutozungumza, na kufunga. Mtume akaagiza aambiwe azungumze, aingie kivulini, akae, na aikamilishe saumu yake. Katika mambo manne, moja tu lilibaki. Saumu ilikuwa ibada, ikabakishwa; jua, ukimya na uchovu wa miguu vilikuwa maumivu matupu, vikaondolewa. Wala hakuna aliyemwambia kwamba saumu yake ndani ya kivuli imekuwa pungufu.

Mwenye midomo iliyopasuka yumo katika kisa hiki. Njaa na kiu ni saumu. Mpasuko ni jua.

Atakayepinga atasema kwamba kuna hadithi isemayo ujira hufuata taabu, ile aliyoambiwa Bibi Aisha kuhusu umra yake. Ni kweli, na wanazuoni waliijua. Izz ad-Din ibn Abd as-Salam, katika karne ya 13, na baada yake Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, waliifafanua kwa makini. Taabu ambayo ibada haiwezi kufanyika bila hiyo ina ujira, kwa mfano baridi ya udhu wa alfajiri au urefu wa safari ya hija. Taabu ambayo mtu anaitafuta kwa ajili ya taabu yenyewe haina lolote, kwa kuwa Mungu hakuiagiza. Shatibi alikwenda mbali zaidi akasema kwamba anayekusudia mashaka, na si ile amali yenyewe, amepingana na makusudio ya Mtoa Sheria. Kwa kipimo hicho, aliye na mafuta mfukoni na anaacha midomo itoke damu hajaongeza kitu katika saumu yake.

Uganda haina haja ya kukopa mifano ili kuelewa tofauti hii. Mfalme wa Buganda, Kabaka Mutesa wa Kwanza, alianza kufunga Ramadhani mwishoni mwa miaka ya 1860. Lakini kati ya 1875 na 1876 aliamuru kuuawa kwa Waislamu vijana waliokataa nyama iliyochinjwa na wasiokuwa Waislamu na waliohoji nafasi yake katika swala. Miaka kumi baadaye, tarehe 3 Juni 1886, Charles Lwanga na Wakristo wenzake wakachomwa moto Namugongo kwa amri ya Mwanga, mwana wa Mutesa. Hakuna kati yao aliyeutafuta moto. Walishikilia jambo waliloliona la kweli, na maumivu yakawafuata. Ndiyo maana Waislamu na Wakristo wa Kampala wanaweza kuwakumbuka pamoja bila kuona haya.

Kisha kuna Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililodai kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao huko magharibi mwa nchi, na baada ya hapo makaburi ya siri yakafukuliwa sehemu kadhaa, likiwemo moja katika nyumba ya Buziga, humu humu Kampala. Wafuasi wale walikuwa wamefundishwa kula kidogo, kufunga mara kwa mara, na kutozungumza, wakiwasiliana kwa ishara ili ulimi usiwatie dhambini. Kwa maneno mengine walikuwa wameirudia nadhiri ya Abu Israil, bila mtu wa kuwaambia wakae kivulini. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kufundishwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa ni njia ya kwenda kwa Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa alikana mashtaka.

Kutoka kwenye mdomo uliokauka hadi Shakahola ni mbali, na itakuwa dhuluma kumfananisha mwenye duka wa Kikuubo na watu wale. Lakini wazo ni moja, kwamba Mungu hupendezwa na kuumia kwa mja. Wazo hilo likishakubaliwa, hakuna mahali panapojulikana pa kusimama. Linapaswa kukataliwa likiwa bado dogo, lingali kwenye kikopo cha vaselini.

Wakristo wanayo mafundisho yao juu ya hili, na ni ya wazi. Katika sura ya sita ya Injili ya Mathayo, Yesu anawakataza wanaofunga wasikunje nyuso ili watu wawaone. Anawataka wanawe uso na wapake mafuta kichwani. Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya wiki moja, hivyo katika maofisi na masoko ya Kampala majirani wa dini mbili walikuwa wamefunga pamoja. Imam Ghazali naye, aliyefariki mwaka 1111, anataja katika maandishi yake juu ya ria, yaani ibada ya kujionyesha, kwamba midomo mikavu inaweza kutumiwa na mtu ili ijulikane kuwa amefunga. Anayeulizwa "mbona umechoka hivyo?" akafurahi moyoni kwa kuulizwa, ameshaanza kulipwa na watu.

Basi mwili utunzwe, na hilo halidai gharama kubwa. Maji yanywewe kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku. Kubugia lita moja dakika za mwisho kabla ya alfajiri husaidia kidogo, maana mengi hutoka kama mkojo. Sambusa zenye chumvi nyingi na chai nzito wakati wa daku huongeza kiu. Mafuta mazito yasiyo na manukato, vaselini au ya shea yanayotoka Acholi, Lango na West Nile, yapakwe baada ya kufuturu, kabla ya kulala, na tena kabla ya alfajiri. Anayeyahitaji mchana ayapake. Kusukutua kwa ajili ya udhu kunaruhusiwa, bila kupita kiasi. Dereva wa boda boda afunike mdomo kwa kitambaa au ashushe kioo cha kofia ngumu. Rangi ya mdomo au dawa ya meno iliyoanza kuwasha iachwe mara moja. Mwenye malengelenge asishiriki kikombe cha uji wakati wa kufuturu, wala asimbusu mtoto mchanga, ambaye hepesi inaweza kumuua. Dawa ya asikloviri hufaa zaidi ikianza kutumika pale mdomo unapoanza kuchonyota.

Mipasuko ya pembeni inayorudi kila mara inahitaji kipimo cha damu, na dua haizuiwi na kipimo. Kidonda kisichopona kwa wiki tatu, hasa cha mdomo wa chini, kikiwa kigumu au kinatoka damu, kionwe na daktari mapema, kwa sababu saratani ya mdomo huanza hivyo. Wenye ualbino, wavutaji wa sigara na wanaofanya kazi juani wako hatarini zaidi. Kwenye kilima cha Mulago ipo Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967. Na anayeona kizunguzungu, mkojo wake umekuwa mweusi na mchache, na midomo imekauka hadi ulimi unagandamana, huyo ameishiwa maji. Aya ya 185 ya Surat al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kuitumia ruhusa ni utiifu kama kufunga kulivyo utiifu.

Masheikh wa Kibuli na Old Kampala, na mapadri wa Rubaga na wachungaji wa Namirembe, wana mimbari na wanasikilizwa. Ramadhani na Kwaresima zijazo, waliseme hili waziwazi tangu Ijumaa na Jumapili ya kwanza: aliyefunga apake mafuta, mgonjwa ale, na mwenye kidonda mdomoni aelekezwe kliniki bila mtu kumuuliza alikitoa wapi.